Steringi Hakufa: Je, Tunaamini Mwisho wa Boyd Crowder?

Mliosikiliza podikasti yetu wiki iliyopita mnajua tulikatwa na muda. Tulianza kubishana kuhusu Justified, saa ikaisha, na tangu siku hiyo simu yangu haijapumzika. Watu wa Buffalo wanasema mwisho ule ni uongo mtupu. Watu wa Columbus wanasema hakuna tamthilia ya majambazi iliyomaliza vizuri kama ile. Sisi wa Louisville tuna shida yetu, sababu hadithi yenyewe ni ya Kentucky, kwa hiyo kila mtu hapa anajiona ana haki ya neno la mwisho. Basi nimekaa chini nikaandika. Kama hujafika sehemu ya mwisho, acha kusoma sasa hivi, nenda kaangalie, halafu urudi. Nitasema yote.

Kwa wasioijua kabisa: Justified ilianza kuonyeshwa FX tarehe 16 Machi 2010, ikaisha tarehe 14 Aprili 2015, misimu 6, sehemu 78. Imetoka kwenye hadithi fupi ya Elmore Leonard iitwayo "Fire in the Hole". Raylan Givens (Timothy Olyphant) ni marshal wa serikali kuu, kofia pana, mkono mwepesi. Anampiga risasi jambazi mmoja Miami mchana kweupe, mezani, baada ya kumpa saa 24 awe ameondoka mjini. Wakubwa wake wanachoka naye, wanamrudisha alikozaliwa, Kentucky. Huko anamkuta Boyd Crowder (Walton Goggins). Walipokuwa vijana wa miaka 19 hivi walishuka mgodini pamoja kuchimba makaa ya mawe, wilaya ya Harlan. Mmoja akawa polisi, mwingine akawa jambazi. Katikati yao yuko Ava (Joelle Carter), ambaye tunamkuta siku ya kwanza akiwa ametoka kumpiga risasi mume wake mezani kwa sababu ya kipigo cha miaka. Huyo mume alikuwa mdogo wake Boyd.

(Na msidanganywe na ile milima. Sehemu kubwa walipiga picha California. Pia, kwenye tamthilia Raylan anatoka Lexington anafika Harlan kabla soda yake haijaisha gesi. Jaribuni nyinyi. Kutoka hapa Louisville ni zaidi ya saa tatu, na ile barabara ya mwisho haina haraka na mtu.)

Sasa, swali. Papa yangu alijifunza kuangalia filamu Nyarugusu, kwenye kibanda cha video, jenereta ikinguruma nje na mtafsiri akipiga kelele kuliko filamu yenyewe. Wenye wazazi wa Tanzania watamkumbuka Lufufu, wa Kenya watasema DJ Afro. Kibandani kuna watu wawili tu: steringi na adui. Steringi hafi. Adui lazima afe, na afe vibaya, la sivyo watu wanadai pesa yao. Ndiyo maana Papa kila akikaa na sisi mbele ya tamthilia za siku hizi anauliza lile lile: "Sasa hapa steringi ni nani?" Na kweli, swali lake ni zito. Tangu Tony Soprano, Wamarekani wamemchukua adui wakampa kiti cha steringi. Unakaa naye miaka sita, unamjua mke wake, unajua anachokula asubuhi, unamwombea asikamatwe. Halafu inafika sehemu ya mwisho na mwandishi anabaki na mtu mmoja ambaye kwa sheria ya kibanda hawezi kufa na lazima afe.

Wengi wanachagua risasi. Walter White alikufa mwaka 2013, Riva wa Kinshasa kwenye Viva Riva! alishakufa kabla yake. Soprano waliwasha giza tarehe 10 Juni 2007 na watu bado wanabishana. Nairobi Half Life ya Tosh Gitonga, 2012, ilimwacha Mwas hai, jukwaani, wenzake wakiwa wameshauawa, na mimi hadi leo naona ule ni mwisho mgumu kuliko kifo. Na kuna ule wa The Shield, 2008: Vic Mackey, polisi mwizi na muuaji, anakiri kila kitu ili apewe kinga, na adhabu yake ni kuvaa suti na kuandika ripoti mezani kwenye ofisi ya ICE. Wamarekani waliona ni adhabu kali. Nyumbani kwetu, jina la ICE likitajwa watu wanateremsha sauti, kwa hiyo tulimwangalia yule bwana kwenye kile kiti kwa macho mengine kabisa.

Mimi kipimo changu ni kidogo. Mwisho naukubali kama umelipa deni ambalo tamthilia yenyewe ilikopa. Na Justified ilikopa deni kubwa siku ya kwanza kabisa.

Kwenye sehemu ya kwanza Boyd ana alama ya swastika mwilini. Anasimama Lexington na kurusha roketi kwenye kanisa la watu weusi. Baadaye tunaambiwa humo ndani walikuwa wanauza bangi, kama vile hiyo inapunguza kitu. Mama yangu, mwimbaji wa kwaya, aliinuka pale pale akaenda kuosha vyombo ambavyo vilishaoshwa. Alirudi msimu wa pili kwa sababu ya sauti. Goggins anapoongea, sentensi inapanda, inageuka, inashuka, na Biblia ndani yake. "Huyu mutu anaongea kama pasta," akasema. Akasikiliza kidogo tena. "Apana. Anaongea kuliko pasta. Pale sasa ndio pabaya."

Yeye aliona haraka kile ambacho waandishi walihitaji misimu kadhaa kukionyesha. Boyd anaamini chochote alichokisema mara ya mwisho. Anaokoka, anaweka kambi msituni na wafuasi, baba yake anawaua wale wafuasi. Anarudi kwenye ujambazi. Anampenda Ava, na anampenda kweli. Zile chuki za rangi zinasahauliwa polepole, anasema hata hakuziamini, na tamthilia inatuomba tusahau pamoja naye. Watazamaji wazungu wengi walisahau. Sisi tuliokuwa kwenye kochi lile hatukusahau hata siku moja, tuliendelea tu kuangalia, ambayo ni hali nyingine.

Na kuna jambo ambalo wengi hawajui. Boyd alitakiwa kufa siku hiyo hiyo ya kwanza. Kwenye hadithi ya Leonard, Raylan anampiga risasi mezani kwa Ava na hadithi inaishia hapo. Sehemu ya kwanza ya tamthilia ilitengenezwa hivyo pia. Halafu waliowaonyesha kwa majaribio wakampenda Goggins, na watengenezaji wakamwacha apone. Kwa hiyo yule mtu aliishi miaka sita kwa mkopo. Tulimwokoa sisi, kwa kupenda anavyoongea. Swali la sehemu ya mwisho lilikuwa: je, watarudi kwenye ile meza?

Wanarudi. Mle ghalani, mwisho wa yote, Boyd amemwelekezea Ava bastola, mwanamke anayempenda, na anamuuliza kwa nini alimsaliti. Bastola imeisha risasi. Raylan anafika. Ana kila sababu, ana hata hamu, sisi tumeiona hiyo hamu tangu Miami. Anamtaka Boyd avute bastola ili amuue kwa haki, kama alivyofanya mara nyingi. Anampa nafasi. Boyd anakataa. Hatavuta. Ukitaka kuniua, niue hivi hivi nilivyo. Na Raylan anarudisha bastola yake mahali pake, anamtia pingu.

Watu wa Buffalo, najua mnachosema: Raylan yule tunayemjua angepiga. Sikubali. Angalieni anatoka wapi. Baba yake, Arlo, jambazi, alimuua polisi wa jimbo akidhani pengine ni mwanawe, kwa sababu aliona kofia tu. Nje ya nyumba ya Arlo kuna jiwe la kaburi lenye jina la Raylan limeshachongwa, linamsubiri, linakosa tarehe tu. Huyu ni mtoto aliyekimbia ardhi ya baba yake, akavaa beji ili asifanane naye, na kwa misimu mitano tunamwona anafanana naye kila akivuta bastola. Ana binti mdogo sasa. Kumpiga risasi mtu asiyevuta ndiyo ingekuwa Arlo. Mimi naamini kabisa kwamba alisita, na naamini kwamba hakufurahia.

Kuna wimbo wa Darrell Scott, "You'll Never Leave Harlan Alive", uliorudi kufunga misimu kadhaa ya tamthilia hii. Ukishausikia mara tatu unajua nini kinakuja: kifo. Halafu hakiji. Raylan anaishia Miami, Ava anafika California, Boyd yuko gerezani. Wote watatu wametoka Harlan, wote wanapumua.

Lakini ile kesi yenyewe iko kwenye dakika za mwisho, na hapa ndipo tulipokatwa hewani.

Miaka minne imepita. Raylan anapata picha kutoka gazeti dogo la California, na nyuma ya picha, kwa bahati, yuko Ava. Anaenda. Anamkuta ana mtoto wa kiume, Zachariah. Wa Boyd. Boyd hajui. Ava anamwomba kitu kimoja tu: asijue kamwe. Raylan haendi naye kwenye pingu. Anakwenda gerezani, anakaa upande wa pili wa kioo, anamwambia Boyd kwamba Ava amekufa, ajali ya gari, karatasi hii hapa. Boyd anaumia. Halafu anauliza kitu ambacho kinamfaa mtu mwenye akili yake: kwa nini umekuja mwenyewe, njia yote hii, wakati ungeweza kutuma ujumbe? Raylan anajibu kwamba habari kama hiyo inafaa kuletwa na mtu, uso kwa uso. Boyd anachimba tena, sababu ni hiyo tu? Na mwishowe ni Boyd mwenyewe anayesema: kwa sababu tulichimba makaa pamoja. Raylan anasema ndiyo.

Mwenzangu wa kwenye kipindi, anayetoka Buffalo, alicheka hewani. Alisema nani anaendesha au kupanda ndege saa zote hizo kwenda kumwambia mfungwa habari ya msiba? Nilitaka kumjibu na muda ukaisha. Jibu ni: sisi. Sisi wote. Nyumba gani ya Kikongo, ya Kirundi, ya Kisomali hapa mjini inayopeleka msiba kwa simu? Mtu akifa Uvira, simu inampigia mzee wa Louisville, si mtoto wa marehemu. Mzee anawaita wawili wengine. Wanakwenda wamevaa vizuri, saa ambayo si ya kutembelea watu, na ukifungua mlango ukawaona watatu wamesimama umeshajua kabla hawajaketi. Papa ameshaendesha kutoka hapa mpaka Columbus usiku, saa tatu na nusu, ili aseme sentensi moja sebuleni kwa mtu na kulala kwenye kochi lake. Kwa hiyo pale Wamarekani wanapoona jambo la ajabu linalohitaji kuelezwa, sisi tunaona adabu ya kawaida. Raylan amemheshimu Boyd kwa kumletea msiba kwa miguu yake.

Ila msiba wenyewe ni wa uongo. Amebeba heshima ya kweli ndani ya habari ya uongo. Hapo ndipo ninapokwama, na ndipo inabidi niwaambie habari ya Yaya. Nimemwomba ruhusa, ameniambia andika, jina usiweke.

Yaya ni mtoto wa Baba Mkubwa. Kiingereza kingemwita binamu. Kwetu Fizi ni ndugu yangu mkubwa, na yaya ni ndugu mkubwa, si mlezi wa watoto kama mnavyosema Nairobi. Alifungwa miaka mitano kwenye gereza moja la jimbo kwa dawa na bunduki. Hakuonewa, yeye mwenyewe anasema hivyo. Alikuwa na mtoto wa mwaka mmoja. Mwaka wa pili, mama wa mtoto alihama jimbo. Hakumkimbia yeye hasa, aliwakimbia watu aliokuwa nao, ambao walikuwa wameshaanza kupita mbele ya nyumba usiku. Alimwachia Baba Mkubwa anwani, akamwapisha kwa Mungu asimpe mwanawe.

Kila Jumapili Yaya alipiga simu. Dakika kumi na tano, mashine inakukumbusha kila mara kwamba simu hii inatoka gerezani. Aliuliza mtoto yuko wapi. Kila Jumapili tulijua. Kulikuwa na mashauri mengi kati ya wakubwa. Shangazi mmoja alisema aambiwe wamerudi Afrika. Mwingine alisema aambiwe mama ameolewa, ataumia mara moja atanyamaza. Uongo mwingi, wote wa huruma, kila mmoja umefikiriwa vizuri.

Baba Mkubwa alivaa koti lake la harusi, akaendesha. Alimwambia: wako wazima, mtoto anaongea sasa, najua walipo, na sitakuambia. Yaya hakupiga simu kwa miezi minne.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema Raylan hakuwa na njia nyingine. Ilikuwepo. Ni ngumu zaidi, inamwacha mtu kwenye kiti chake akijua kuna mlango na wewe ndiye mwenye ufunguo, anakuchukia wewe, na unakubali kuchukiwa. Raylan hakuitaka hiyo. Uongo wake unamlinda Ava, ndiyo, na una sababu kubwa kuliko ya kwetu, maana Boyd alishamwekea yule mwanamke bastola usoni. Lakini unamlinda Raylan pia. Anatoka pale akiwa bado rafiki. Hiyo ndiyo sababu naamini mwisho huu kwa upande wa Raylan: ni mtu mwema kwa kiasi kile kile alichokuwa siku zote, na si zaidi.

Swali la Boyd ni tofauti. Huyu ni mtu mwenye akili kuliko wote Harlan. Anasoma, anadanganya kwa kazi, anajua karatasi ya serikali inatengenezwaje. Anaamini vipi kirahisi hivyo?

Niliangalia ile sehemu tena na Yaya mwezi uliopita, kwake Columbus, mitaa ya Northland, nyuma kidogo ya Morse Road. Anafanya kazi ghalani usiku, kwa hiyo tuliangalia saa nne asubuhi, na chai. Aliponea uraia kwa sababu Baba Mkubwa alishakula kiapo kabla Yaya hajafika miaka 18, na mtoto akaupata kupitia kwa baba. Wawili aliofungwa nao, wenye kadi ya kijani tu, siku yao ya kutoka walipokelewa mlangoni na gari la ICE. Huo mwisho sijaona tamthilia iliyouandika bado. Risasi, jela, giza, ofisi, lakini ndege ya kukurudisha nchi uliyoondoka ukiwa na miaka mitatu, hapana.

Yaya hakuwa na shaka hata kidogo. "Alijua," akasema. "Huyu alijua kama Ava ni muzima." Nikamuuliza amejuaje. Akasema mle ndani hakuna anayeamini karatasi. Kila mtu ana karatasi. Wakili ana karatasi, mke ana karatasi, jaji ana karatasi. Unachopima ni nani amekuja, na amekuja kutoka wapi. Marshal aliyehamia Miami hapandi njia yote hiyo kwa ajili ya mwanamke aliyekufa zamani. Mtu anakuja hivyo kwa ajili ya aliye hai. Kwa hiyo Boyd anauliza mara moja, kwa nini umekuja mwenyewe, na anauliza mara ya pili, sababu ni hiyo tu? Anampa Raylan nafasi mbili za kusema kweli. Raylan hasemi. Basi Boyd anaamua kuupokea uongo, na ndiye anayempa Raylan sentensi ya kutokea: tulichimba makaa pamoja.

Nimeirudia mara tatu tangu siku hiyo na siwezi tena kuiona kwa namna nyingine. Angalieni macho ya Goggins kabla hajasema ile sentensi. Kuna mahali anaacha kutafuta. Tukisoma hivyo, Boyd kwa mara ya kwanza anafanya kitu bila kuhubiri. Ghalani alikataa kuvuta bastola, gerezani anakataa kuvuta ukweli. Yale mahubiri anayowapigia wafungwa wenzake dakika chache kabla siyahesabu. Mama ana haki, tumeshayasikia.

Je, hilo linalipa lile kanisa? Hapana. Nawaambia wazi, wapenzi wa Boyd mlioniandikia: halilipi. Tamthilia haikurudi kwa wale watu hata mara moja, na huo ni ufa ambao mwisho mzuri hauzibi. Lakini inalipa ile meza ya Ava. Ilitaka tuone kama hawa wawili wanaweza kukaa wakitazamana bila mtu kuanguka, na waliweza, kwa sababu kulikuwa na kioo katikati.

Na makaa yenyewe, tusiyapite haraka. Kuna wasikilizaji wetu ambao baba zao walishuka mashimo ya Kamituga kutafuta dhahabu, wengine Walikale kwenye mashimo ya Bisie. Wanajua mtu uliyekuwa naye chini ukuta ulipoanza kulia ni ndugu kwa njia ambayo ndugu wa damu hawaielewi. Harlan ni nchi ya hayo. Mgomo wa Brookside wa 1973 na 1974 ulitoa filamu ya Barbara Kopple iliyochukua Oscar. Na Julai 2019, miaka minne baada ya Justified kuisha, wachimbaji wa kweli wa Harlan walikaa kwenye reli wakazuia treni ya makaa, kwa sababu kampuni yao, Blackjewel, ilifilisika bila kuwalipa mishahara. Nilipoona zile picha za wanaume na watoto wao kwenye reli nilielewa kwa nini neno moja la mgodini linatosha kumaliza sehemu 78.

Ingekuwa vizuri iishie hapo. Haikuishia. Mwaka 2023 walirudi na Justified: City Primeval, sehemu 8, Raylan yuko Detroit na binti yake Willa, ambaye ameigizwa na binti yake Olyphant wa kweli. Hadithi ni nyingine kabisa, Boyd hayumo. Halafu dakika za mwisho kabisa tunapelekwa gerezani, Boyd anajifanya mgonjwa, anatolewa kwenda hospitali, na kwa msaada wa askari mmoja wa kike anatoroka. Raylan yuko kwenye mashua na binti yake, amestaafu, simu inalia. Watu mtandaoni walishangilia. Nami niliruka kwenye kochi, siwezi kukana, sauti ile nilikuwa nimeikosa.

Je, inaaminika kwamba Boyd angetoroka? Sana. Angetoroka zamani. Shida yangu iko kwingine. Wameifanya iwe raha, kama steringi wa kibandani aliyerudi kutoka kwenye maporomoko ya maji, na ili iwe raha imebidi wasahau kile walichotufanya tubebe mwaka 2015. Mahali fulani California kuna mwanamke aliyejificha kwa jina lingine na kijana anayekua. Ava alikutwa na picha moja ya gazeti la kijijini. Yule mtoto sasa ni wa umri wa kuwa na simu yake. Kama Yaya ana haki na Boyd alijua, basi kuanzia dakika ile anapotoka kwenye lile gari, kila kitu ambacho Raylan alikinunua kwa uongo wake kiko barabarani, na tamthilia inatabasamu. Kama Boyd hakujua, bado kuna kijana ambaye siku moja atauliza baba yake ni nani, na atajibiwa na intaneti kabla mama hajapata neno. Sisi tunaoendesha hii podikasti tumekuwa wale watoto. Tunajua wanauliza wakiwa na umri gani.

Nilimsimulia Yaya hiyo sehemu ya Detroit, kwa sababu alikataa kuiangalia. Alisikiliza mpaka Boyd alipotoka. Hakuuliza kuhusu Raylan.

"Na mtoto?" akasema.

Nikamwambia hayumo.